Kamera za Kano na jioni ya nyumba zetu

Mwaka 2007, mu muji wa Kano, kaskazini mwa Nijeria, serikali ya jimbo ilisimamisha kazi ya filme kwa miezi sita. Video ya siri ya mwigizaji mmoja mwanamke ilikuwa imepita kutoka telefone moja mpaka ingine, muji mzima ukawaka. Mambo yalikuwa ya chumba kimoja, lakini wote walilipa: mwenye kubeba taa, fundi wa kushona nguo za waigizaji, shoferi, muuzaji wa CD kule sokoni. Sisi wa sendika tunaijua ile hesabu. Shimo likifungwa juu ya kosa la wakubwa, si wakubwa njo wanakosa unga.

Sasa, juu ya nini habari ya Wahausa mu gazeti linalosomwa na wachimbaji? Ni kwa sababu bamama wanatuuliza kila mara: zile filme watoto wanaangalia usiku, zinawajenga ao zinawaharibu? Kano wamegombana juu ya ulizo hili zaidi ya miaka 30, na wengine walilipa kwa gereza.

Filme ya kwanza ya Kihausa iliyouzwa mu kaseti, Turmin Danya, ilitoka mwaka 1990. Haikutoka kwa kampuni kubwa, ilitoka kwa kikundi cha mchezo cha palepale Kano. Mbele ya hapo, nyumba ya sinema ilikuwa nafasi ya wanaume. Mwanamke mwenye ndoa, mu desturi ya familia nyingi za kule, hatoki hovyo, na hawezi kwenda kuketi mu giza katikati ya wanaume. Kaseti njo iliingia kwake. Akaona mu lugha yake mwenyewe binti anayekataa bwana aliyechaguliwa na baba. Akaona wivu wa wake wenza, mama mukwe mwenye ulimi mkali, mwanaume anayetapanya pesa ya nyumba. Nyimbo na dansi zilitoka kwa filme za Uhindi, kwani Kano walikuwa wamezizoea tangu miaka ya 1950. Mambo ya nyumbani yalikuwa yao.

Na pale maisha yakaanza kugeuka. Wasichana wakapeleka kwa fundi mshono waliouona kwa mwigizaji. Vijana wakajifunza namna ya kuomba mapenzi, nyimbo za filme zikaingia mu arusi. Jambo kubwa lilikuwa ndoa ya kulazimishwa, kwani filme nyingi ziliirudilia bila kuchoka. Baba akisikia binti anasema "simupendi", anauliza: maneno haya umeyatoa wapi? Jibu liko ndani ya televizio aliyoinunua yeye mwenyewe.

Wakubwa hawakunyamaza. Kisha sheria ya Kiislamu kutangazwa Kano mwaka 2000, filme zilisimamishwa mara ya kwanza, na mwaka 2001 ikaundwa ofisi ya kuzichunguza. Mwaka 2007 serikali ilichoma mbele ya watu vitabu vya mapenzi vya Kihausa, na vingi vya namna ile huandikwa na wanawake. Mwaka 2008 mchekeshaji Rabilu Musa, yule watu walimwita Ibro, alitupwa mu gereza. Mwaka 2016 Rahama Sadau alifukuzwa juu ya kumukumbatia mwimbaji mu video, na waliomufukuza hawakuwa serikali, walikuwa chama cha wenye kazi yake. Pale tunatikisa kichwa. Chama kinaanza lini kumufukuza mwenzao kwa kuogopa wenye nguvu?

Hatusemi wazee wa Kano hawana sababu hata moja. Filme nyingi za kule zinapenda nyumba kubwa na magari ya kung'aa. Mtu wa kazi ya mikono anapita mbele ya kamera kufungua mlango tu. Binti akitoka pale anapima mchumba kwa gari, na sisi tunaijua ile mipimo hapa kwetu pia. Lakini ile kasoro haiondoki kwa kufunga watu. Kila mara Kano walipofungiwa, kamera zilirudi, kwani watu walitaka kujiona.

Kwetu Lubumbashi, Mufwankolo na kikundi chake walituonyesha njia ile tangu zamani, mu Kiswahili chetu, kwa radio na kwa televizio. Wazazi wetu walicheka, kisha bwana na bibi wakatazamana, juu ile ilikuwa nyumba yao. Leo watoto wetu wanaangalia mapenzi ya Wameksiko na utajiri wa Lagos kwa sauti za Kifaransa. Mtoto wa mchimbaji haoni hata siku moja baba yake akirudi na vumbi.

Sheria ya madini ya 2018 inaomba kampuni itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale inapochimba. Maji na dispansere vitangulie, hakuna ubishi. Lakini kamera moja na chumba cha kurudilia mchezo kwa vijana wa site havitamaliza ile feza. Tunaomba wajumbe wetu waliandike jambo hili mu orodha ya mkutano unaokuja, chini ya maji, juu ya barabara ya mkubwa.