Kuokoa Si Kazi, Kazi ni Kutunza



Wengi wetu tumemwona farasi katika picha tu. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu mbung'o humwambukiza nagana, ugonjwa unaomdhoofisha hadi kumwua. Na mizigo ambayo kwingine huvutwa na farasi, mjini Goma hupakiwa juu ya chukudu na kusukumwa na kijana wa rika lenu. Lakini zipo nchi, kama Marekani na Uingereza, ambako farasi ni wengi, na baadhi yao huachwa: mwenye farasi amezeeka, amefilisika au amehama, ama mnyama mwenyewe amelemaa na haleti faida tena. Kwa ajili ya hao vimeundwa vituo vya uokoaji. Humpokea farasi aliyeteswa au kutelekezwa, humtibu, humzoeza tena kuishi na watu, kisha humkabidhi kwa mlezi mpya.

Nimechagua kuandika juu ya vituo hivyo kwa sababu vinaonyesha waziwazi jambo ambalo vikundi vyetu hulisahau mara nyingi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Vivyo hivyo kuokoa si kazi; kazi ni kutunza. Tena huruma isiyo na hesabu wala ratiba, hata itoke katika moyo mwema namna gani, huweza kugeuka kuwa mateso mapya kwa yule iliyetaka kumsaidia.

Tuanze na kisa kilichotokea katika bara letu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Uingereza liliuza maelfu ya farasi wake nchini Misri badala ya kuwarudisha kwao. Mwaka 1930 Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi hilo, alifika Kairo akawakuta baadhi yao wangali hai, wazee na wamekonda, wakitumikishwa mitaani. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London akiomba msaada, na wasomaji wakatuma fedha. Katika muda wa miaka mitatu hivi waliweza kununuliwa farasi wapatao 5,000 waliokuwa wa jeshi.

Kisa kingeishia hapo, kingekuwa kitamu masikioni. Lakini wengi wa farasi hao walikuwa wamechakaa kupita kiasi cha kutibika, na uamuzi mchungu uliofanywa ni kuwaua bila maumivu, ili mateso yao yakome. Kisha, mwaka 1934, mama huyo alifungua mjini Kairo hospitali ya kuwatibu bure farasi na punda wanaofanya kazi. Tuangalie vizuri hatua hiyo. Ukimnunua farasi mmoja aliyechoka, mwenye mkokoteni hana budi kutafuta mwingine. Na huyo naye asipotunzwa atachoka vilevile. Fedha za kununua zilikuwa na mwisho. Hospitali iliyofunguliwa kila asubuhi iligusa chanzo cha shida. Shirika lililozaliwa katika kazi hiyo lingali linahudumia farasi, punda na nyumbu katika nchi nyingi hadi leo.

Sasa tuingie katika kituo cha siku zetu, chenye farasi 20 tu. Farasi wa kilo 500 huhitaji kwa siku nyasi kavu kati ya kilo 7 na nusu na kilo 10, na maji lita 20 hadi 40. Kwa farasi 20, hizo ni kilo 150 hadi 200 za nyasi kila siku, yaani tani 4 na nusu hadi 6 kwa mwezi, na maji hata lita 800 kwa siku. Kila mmoja huacha samadi ya karibu kilo 20 kwa siku; kwa hiyo kilo 400 hivi zinapaswa kuzolewa kabla jua halijachwa, na kesho hivyo hivyo. Kwato hupunguzwa na fundi kila baada ya majuma 6 hadi 8. Meno hukaguliwa kila mwaka. Hakuna Jumapili katika hesabu hiyo, hakuna sikukuu, wala hakuna siku ya kusema leo mvua imenyesha. Anayeongoza kituo hutumia sehemu kubwa ya siku yake katika mambo ambayo hakuna anayeyapigia makofi: kuagiza nyasi kabla ghala halijawa tupu, kupanga zamu za wanaojitolea, kumtafuta atakayeshika nafasi ya mgonjwa, kuandika katika daftari nani amekula na nani amebakiza chakula chake.

Daftari hilo si mapambo ya ofisi. Farasi hawezi kutapika, na tumbo likimsokota anaweza kufa kwa muda mfupi. Aliyebakiza chakula asubuhi huenda anaugua. Kama wa zamu ya asubuhi hakuandika, wa zamu ya jioni hatajua. Basi mstari mmoja ulioandikwa kwa wakati wake waweza kuokoa uhai kuliko machozi mengi.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa farasi anayefika akiwa mifupa na ngozi. Moyo wa kila mtu humwambia ampe chakula tele mara moja. Kumbe hapo ndipo hatari ilipo. Mwili ulioteseka kwa njaa kwa muda mrefu umekwisha kutumia akiba yake ya madini. Ukiujaza ghafla nafaka, madini machache yaliyobaki katika damu, kama vile fosforasi na magnesi, huzama haraka ndani ya seli. Moyo hukosa nguvu, na farasi huweza kufa siku chache baada ya kushibishwa. Kwa sababu hiyo madaktari wa mifugo hushauri kwamba katika siku za kwanza apewe nyasi kavu bora za jamii ya mikunde, karibu nusu kilo tu, kila baada ya saa 4, mchana na usiku. Yaani mtu huamka usiku wa manane, huenda zizini kwa taa, humpa mnyama mwenye njaa konzi chache za nyasi, kisha huondoka huku mnyama akimtazama akitaka zaidi. Asiyejua ataona huo ni uchoyo. Anayejua ataona kwamba ndiyo huruma yenyewe, iliyokubali kufundishwa.

Ndiyo maana vituo hivyo hupima kabla ya kutenda. Mwaka 1983 mtaalamu Don Henneke wa Texas alitunga kipimo cha hali ya mwili wa farasi, kuanzia 1, ambaye ni mifupa mitupu, hadi 9, ambaye amenenepa kupita kiasi. Kwa kipimo hicho watu wawili wanaomtazama farasi mmoja husema lugha moja, na baada ya mwezi wanaweza kuthibitisha kama kweli amepata nafuu. Mgeni huwekwa pia katika karantini kwa majuma kadhaa, na ndoo zake na brashi zake, akipimwa joto la mwili, ili asiwaambukize wenzake. Hata anayehurumiwa sana haruhusiwi kuvuka uzio huo kabla ya wakati, kwani ndani wapo wengine wanaostahili huruma ileile.

Sasa tunafika penye ugumu wenyewe. Kituo kina nafasi 20, na zote zimejaa. Simu inalia: kuna farasi wa 21, anateseka. Afanyeje mwenye kuongoza? Imetokea, nchini Marekani na kwingineko, wakaguzi kuingia mahali palipoitwa pa uokoaji na kukuta wanyama wenye njaa, maji machafu na kwato zilizopinda. Si wote waliowakusanya hapo waliokuwa wakatili. Wapo walioanza kwa upendo wa kweli, ila hawakujua kusema hapana. Walimpokea wa 21, wa 30, wa 50, hadi nyasi zikawa hazimtoshi hata mmoja.

Mimi naona kwamba "hapana" iliyosemwa kwa ukweli ni sehemu ya huruma, mradi isiwe mwisho wa maneno. Kituo kizuri kikisema hapana huendelea kufikiri: humwandika farasi huyo katika orodha, hupigia simu vituo vingine, au humpelekea mwenye farasi nyasi za mwezi mmoja ili avuke kipindi kibaya na mnyama abaki kwake. Hiyo ndiyo njia ileile ya hospitali ya Kairo: kuzuia mateso kabla ya kuhitaji kuokoa.

Vilevile, nafasi hupatikana kwa kuachilia. Farasi aweza kuishi miaka 25 hadi 30. Anayemchukua mwenye miaka 8 anaahidi pengine miaka 20. Kwa hiyo mlezi mpya hujaza fomu, malisho yake na uzio wake hukaguliwa, na huweka sahihi. Katika vituo vingi mkataba humkataza kumwuza farasi huyo, na humtaka amrudishe kituoni akishindwa kumtunza. Baadaye watu wa kituo huenda kumtembelea. Wapo wanaojitolea ambao hulia siku farasi waliyemlisha usiku anapopakiwa garini kwenda kwa mwingine. Lakini kumzuia kwa sababu tunampenda, wakati mlezi mwema yupo, ni kumfungia mlango yule anayengoja katika orodha.

Najua pingamizi litakaloletwa, na ni la haki: kwa nini kutumia fedha kwa farasi wakati watu wana njaa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2418, inayasema mambo mawili pamoja: kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu hakupatani na hadhi ya binadamu, na kwamba haifai kuwatumilia wanyama fedha ambazo kwanza zilipaswa kupunguza taabu ya watu. Sitafuti njia ya kulikwepa neno hilo la pili. Anayejenga zizi la fahari huku mtoto wa jirani akikosa dawa amepindua utaratibu. Ila tusisahau kwamba mara nyingi taabu hizo mbili hulala nyumba moja. Mkokoteni wa Kairo uliendeshwa na mtu maskini. Mnyama wake akilemaa, watoto wake walikosa mkate. Aliyemtibu mnyama huyo bure alilinda pia jiko la nyumba hiyo.

Tena kazi hii haiko mbali nasi. Katika Kivu ya Kusini, kituo cha Lwiro kimewalea tangu mwaka 2002 sokwe na tumbili walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Sokwe hakabidhiwi kwa familia kama farasi, lakini siku ya kazi hufanana: karantini, chakula kwa kipimo, dawa, usafi, daftari.

Basi tujitazame. Kikundi huchanga fedha, hununua sabuni na mchele, huenda hospitalini au kwa yatima, hupiga picha, hurudi kikiimba. Si vibaya. Lakini mtoto aliyelipiwa karo ya muhula wa kwanza, kisha akafukuzwa darasani katika muhula wa pili mbele ya wenzake, ameongezewa aibu ambayo hakuwa nayo. Tulimchukua bila kuhesabu. Na kama mnyama anastahili daftari, zamu na mtu wa kuamka usiku, je, binadamu, ambaye hadhi yake yapita kabisa ile ya farasi, anastahili nini? Heri kikundi kinachomsomesha mtoto mmoja hadi apate cheti, kuliko kile kinachowagusa kumi na kuwaacha njiani.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Katika kazi zetu za huruma za mwaka huu, ni ipi iliyo na mtu wa zamu, daftari na fedha za mwezi ujao, na ni ipi inayotegemea msisimko wa siku moja?

2. Tunaweza kuwabeba wangapi kwa kweli? Tukimwambia mtu hapana, tunafanya nini baada ya hapo?

3. Ni nani tuliyemsaidia zamani ambaye hatujarudi kumtembelea? Nani kati yetu atakwenda, na siku gani?