Mwangwi Nao ni Turathi

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 likitazama bahari ya Unguja, lilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, picha za kulithibitisha umbo lake zilibaki tele; bali namna kuta zake zilivyomjibu mwenye kuimba ndani ya kumbi zake, hilo halimo katika picha yoyote. Rai yangu ni kwamba mwangwi wa jengo ni turathi sawasawa na nguzo na milango yake, na kuuacha upotee ilhali twaweza kuunasa ni uzembe usio na udhuru.

Ushahidi wa kwamba hili lawezekana upo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walipasua maputo ndani ya Hagia Sophia, Istanbul, ambamo sauti hudumu zaidi ya sekunde 10 kabla ya kufifia, wakanasa kwa maikrofoni jinsi kila mlio ulivyorejea; kisha, kwa hesabu za kompyuta, wakawavika mwangwi huo waimbaji wa kwaya ya Cappella Romana walioimba Marekani, na santuri yao ikatoka mwaka 2019. Kadhalika mtaalamu wa sauti Brian Katz na wenzake walikwisha kuipima Notre-Dame ya Paris mwaka 2013, hata moto ulipoteketeza paa lake Aprili 2019, kipimo cha kurejea kilikuwapo.

Huenda mtu akahoji: je, studio zetu hazina mwangwi wa kompyuta wa kutosha? Zinao, lakini aghalabu ni wa kumbi za ugenini. Chumba cha nyumba kongwe ya mwambao, chenye kuta nene za mawe na chokaa, chembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, huirejesha sauti ya udi na kanuni upesi na kwa karibu, wala hakifanani na kanisa kuu la Ulaya. Huko kwenye magofu ya Gedi, mwambao wa Kenya, mapaa yamekwisha kuanguka, na mwangwi wa vyumba vile umekwenda nayo.

Gharama yenyewe ni puto, maikrofoni njema, fundi mwenye ujuzi na ruhusa ya wenyewe. Basi idara za mambo ya kale, Zanzibar na Mombasa, ziweke sharti hili: kisitiwe saini kibali chochote cha ukarabati kabla mwangwi wa jengo haujapimwa na kuhifadhiwa, na wanamuziki wetu wapewe haki ya kuutumia bila malipo.