Majaribio ya kivinjari: anza na kitufe cha "Lipa"

Leo nataka tuzungumzie majaribio ya kiotomatiki ya kivinjari, yaani kuandika programu inayofungua tovuti yako, kujaza fomu, kubofya vitufe na kuangalia kama matokeo ni yale uliyotarajia. Watengenezaji wengi hapa kwetu huyaacha kabisa wakidhani ni kazi ya sulubu. Wengine huandika mia mbili, kisha hakuna anayeyaamini. Maoni yangu ni kwamba matano yanatosha kuanzia, mradi yafuate njia ambayo pesa za mteja hupita.

Kwa nini kivinjari? Kwa sababu majaribio ya seva hayaoni anachokiona mteja. Nakumbuka tovuti moja ya kukata tiketi za basi. Ijumaa jioni watu wa mauzo waliweka tangazo la punguzo chini ya ukurasa. Kwenye kompyuta za ofisini lilipendeza sana. Kwenye simu ndogo lilifunika kitufe cha "Lipa". Majaribio yote ya seva yalipita, nauli zilihesabiwa sawasawa, lakini abiria wa simu hizo hawakuweza kulipa hadi Jumapili. Jaribio moja la kivinjari lenye skrini ya upana wa pikseli 360 lingefeli papo hapo, maana vifaa vya kazi hii hukataa kubofya kitufe kilichofunikwa na kitu kingine.

Vifaa vyenyewe ni vya bure. Selenium ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins akiwa ThoughtWorks, Chicago, na mfumo wake wa kuendesha vivinjari, WebDriver, ukawa kiwango rasmi cha W3C mwaka 2018. Mimi nikianza mradi mpya huchagua Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020. Ukishakuwa na Node, amri moja, npm init playwright@latest, inakuandalia mradi na kukuletea Chromium, Firefox na WebKit. WebKit ndiyo injini ya Safari. Kwa hiyo unaweza kugundua kasoro nyingi za watumiaji wa iPhone bila kununua Mac. Kwa mfuko wa mtengenezaji wa Nairobi, hilo si jambo dogo!

Haya basi, kanuni zangu ni hizi:

1. Fuata pesa. Kwa tovuti ya tiketi: kuingia, kutafuta safari, kuchagua kiti, kulipa, kupokea tiketi. Mambo kama hesabu za punguzo au muundo wa nambari ya simu yajaribu moja kwa moja kwenye msimbo, ambako majaribio mia huisha kwa sekunde chache.

2. Usisubiri simu ya mtu. Ombi la PIN ya M-Pesa hutokea kwenye simu ya mteja, kisha jibu hutoka Safaricom kwenda kwa seva yako. Kivinjari hakihusiki hapo. Mazingira ya majaribio ya Daraja yanafaa unapounganisha malipo mara ya kwanza. Kwa kazi ya kila siku, tengeneza seva bandia ndogo inayotoa jibu unalotaka: malipo yamefaulu (0), mteja ameghairi (1032), jibu limechelewa, jibu limekuja mara mbili. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayoumiza. Mama aliyekwisha kulipa, akiona ukurasa bado unazunguka, atalipa tena, na pesa hiyo huenda ilikuwa ya chakula.

3. Usiandike "subiri sekunde 5". Subiri ishara, kwa mfano maneno "Tiketi yako iko tayari". Mtandao ukiwa mzito sekunde 5 hazitoshi, ukiwa mwepesi unapoteza muda bure. Jaribio linalopita leo na kufeli kesho bila sababu hufundisha timu kulipuuza. Afadhali kulifuta.

4. Tafuta kitufe kwa jina analoliona mteja, si kwa mahali kilipo ndani ya msimbo. Ukurasa ukipangwa upya, jaribio lako litaendelea kufanya kazi.

5. Yaendeshe kabla ya kila toleo kwenda hewani, kwenye seva, kivinjari kikifanya kazi bila dirisha. Moja likifeli, toleo lisiende, hata kama bosi ana haraka.

Najua wapo watakaosema, "Sisi tuna mtu wa kubofya mwenyewe." Ni sawa, na mtu huyo bado anahitajika. Jicho la binadamu huona rangi isiyosomeka na maneno yanayochanganya, mambo ambayo programu haiyajui. Lakini ukimwambia apite njia ileile mara ya arobaini, tena Ijumaa saa kumi na moja jioni, ataruka hatua. Hiyo ndiyo kazi ya kuipa mashine, ili yeye abaki na kazi inayohitaji akili.

Majaribio matano hayatazuia kila kasoro. Yatazuia ile inayomfanya mteja wako alipe mara mbili au ashindwe kulipa kabisa. Ukitaka kuongeza la sita, jiulize kwanza: likifeli usiku wa manane, kuna mtu ataamka? Kama hakuna, msimbo huo usiuandike.