Bunduki Ijijazayo Yenyewe na Nyika ya Endulen

Endulen ni makazi ya wafugaji wa Kimaasai katika eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa kusini-magharibi wa kreta. Laetoli haiko mbali na hapo, mahali ambapo mwaka 1978 watafiti waliokuwa wakiongozwa na Mary Leakey walivumbua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Kaskazini yake liko bonde la Olduvai. Ni nchi ambayo watu na wanyama wamekanyaga udongo mmoja tangu zama zisizohesabika. Hata hivyo, chombo kilichogeuza uhusiano wao kwa nguvu kuliko chochote kingine hakikutoka humo, wala hakina umri mkubwa. Kilikuja kutoka mbali, na sehemu kubwa ya historia yake imo katika mji mdogo wa Ujerumani uitwao Oberndorf, ukingoni mwa mto Neckar.

Historia ya bunduki huelezwa kwa kawaida kama historia ya maendeleo. Yafaa pia ielezwe kwa upande wake wa pili, yaani historia ya kuondoa vizuizi. Mkuki humlazimisha mwindaji amkaribie mnyama na kuihatarisha nafsi yake. Gobori humlazimisha asimame, amimine baruti, ashindilie, kisha ndipo alenge tena. Kila kizuizi cha namna hiyo kilikuwa adhabu kwa mwindaji na nafasi kwa mnyama. Fundi aliyekiondoa alifanya kazi yake vyema. Lakini aliondoa pia kinga ambayo hakuna aliyekuwa ameitunga, na kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuiwekea badala.

Kutoka risasi moja hadi tano

Oberndorf palikuwa na kiwanda cha silaha cha mfalme wa Württemberg tangu mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Humo walilelewa ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser. Bunduki yao ya mwaka 1871 ilikuwa na mtutu wa milimita 11, ilibeba risasi moja tu, na ilitumia baruti nyeusi iliyotoa wingu zito la moshi. Silaha hiyo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa sehemu kubwa ya askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki hata vita vilipoanza mwaka 1914, na moshi wake uliwafichua kwa adui kila walipofyatua.

Mwaka 1898 Mauser walitoa bunduki nyingine, yenye baruti isiyotoa moshi mwingi na magazini ya risasi tano. Mpigaji alivuta komeo kwa mkono, ganda likatoka, risasi mpya ikaingia. Mtambo huo ulikuwa imara na sahihi kiasi kwamba mafundi wa Uingereza, kama Rigby wa London, waliujengea bunduki zao za kuwindia tembo na nyati. Hivyo silaha ya vita na silaha ya uwindaji zilikuwa ndugu tangu mapema. Tofauti yao ilikuwa katika mbao na nakshi zaidi kuliko katika chuma.

Wazungu walioingia Ngorongoro walikuja na bunduki za kizazi hicho. Oscar Baumann alifika kretani Machi 1892 na kuwakuta Wamaasai wakifa kwa njaa, baada ya sotoka kuangamiza ng'ombe wao. Baadaye ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walianzisha mashamba ndani ya kreta na kujaribu kuwafukuza nyumbu ili wapate malisho ya mifugo yao. Serikali ya kikoloni yenyewe iliona hatari mapema. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji katika koloni hilo. Amri hiyo haikumtendea haki mwenyeji, kwa kuwa ilimgeuza kuwa mhalifu katika nchi yake. Lakini ilikuwa ni kukiri kwamba bunduki mpya haiwezi kuachwa bila mipaka.

Mkono unapoondolewa

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wafaransa waliokuwa wakiitawala sehemu hiyo ya Ujerumani walikibomoa kiwanda cha Mauser. Mwishoni mwa mwaka 1949 wahandisi watatu waliokuwa wakifanya kazi humo, Edmund Heckler, Theodor Koch na Alex Seidel, wakaanzisha kampuni ya Heckler & Koch mjini hapo hapo. Ujerumani ilikuwa imekatazwa kutengeneza silaha. Kwa hiyo kazi za kwanza za kampuni zilikuwa zana za viwandani na vipuri vya cherehani.

Wazo la bunduki, hata hivyo, halikubomolewa pamoja na kuta. Katika siku za mwisho za vita wahandisi wa Mauser walikuwa wamebuni mtambo wa kujijaza wenye rola. Mmoja wao, Ludwig Vorgrimler, aliuendeleza Ufaransa na hatimaye Hispania. Kutoka huko wazo likarejea Oberndorf, na mwaka 1959 jeshi la Ujerumani Magharibi likaipokea bunduki iliyoitwa G3.

Yafaa msomaji auelewe mtambo huo, kwani ni kazi ya akili sana. Risasi inapofyatuliwa, gesi ya baruti huisukuma mbele kwa kasi ya karibu mita 800 kwa sekunde, na wakati huo huo hulisukuma ganda nyuma. Kama komeo lingefunguka papo hapo, ganda lingepasuka na kumdhuru mpigaji. Kwa hiyo kichwa cha komeo kimewekewa rola mbili ndogo za chuma, zinazochomoza ubavuni na kukaa katika vishimo. Ili komeo lirudi, rola hizo hazina budi kusukumwa ndani. Na zinapoingia hukibana kipande chenye umbo la kabari, ambacho hulazimika kurudi nyuma kwa kasi kubwa kuliko kichwa chenyewe. Kazi hiyo huchukua muda mdogo mno, lakini unatosha risasi kutoka mtutuni na msukumo kupungua. Kisha ganda hutupwa nje, springi hulirudisha komeo, na risasi mpya imo chemba. Mzunguko wote huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Kutokana na mtambo huo huo kampuni ilitengeneza bunduki za kuwindia, miongoni mwazo ile iitwayo HK 770. Ina kitako cha mbao nzuri na magazini ndogo, na kila kifyatuo kikivutwa hutoka risasi moja tu, si mfululizo kama G3. Mwindaji haondoi jicho lake kwenye shabaha wala mkono wake kwenye kifyatuo. Watetezi wake husema, na si bila sababu, kwamba mnyama aliyejeruhiwa humalizwa upesi, asiende kufa kwa uchungu vichakani. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mwindaji mwenye nidhamu. Lakini chombo hakichagui mtumiaji wake. Kile kinachomwezesha mwindaji mwema kupiga mara ya pili ndicho kinachomwezesha jangili kupiga mara ya kumi, kabla kundi la tembo halijajua likimbilie wapi.

Nchi zilivyojibu

Ujerumani, nchi iliyoitengeneza bunduki hiyo, haikuiachia huru katika misitu yake. Sheria yake ya uwindaji imeweka kikomo: bunduki ijijazayo isiwe na risasi zaidi ya mbili katika magazini na moja chemba. Mkataba wa Bern wa mwaka 1979, unaohusu wanyama na mimea ya Ulaya, ulifuata kipimo kama hicho. Huko kizuizi kilichoondolewa na fundi kilirudishwa na mtunga sheria.

Afrika Mashariki imekwenda mbali zaidi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inazitaka nchi wanachama zipige marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za otomatiki na zile zinazojijaza. Uamuzi huo ni wa busara, nao umetokana na uzoefu mchungu. G3 zilitengenezwa kwa leseni katika nchi nyingi, zikiwamo Pakistan, Iran na Uturuki. Ureno ilizitengeneza pia na kuzitumia katika vita vyake dhidi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa na maelfu ya bunduki za kijeshi yakasambaa kwa wafugaji wa Karamoja. Nchini Kenya, AK-47 na G3 zimekuwa silaha mashuhuri za majangili. Vita huisha kwa tarehe. Bunduki hubaki na kutafuta kazi nyingine.

Kazi hiyo ilipatikana. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Miaka ya mwisho ya 1980 hawakufika 400. Huko Ngorongoro mwanabiolojia John Goddard, katikati ya miaka ya 1960, aliwatambua mmoja mmoja faru 108 ndani ya kreta na 70 katika eneo la Olduvai. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliosalia kretani hawakuzidi 20, na wale wa Olduvai walikuwa wametoweka. Serikali ililazimika kuendesha Operesheni Uhai mwaka 1989, na mwaka huo huo biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ikapigwa marufuku.

Mahali pa kizuizi kipya

Haki inadai isemwe kwamba si bunduki pekee iliyoua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 faru wengi waliuawa kwa mikuki karibu na Olduvai, katika kipindi cha mvutano mkali juu ya haki za wafugaji katika ardhi. Lakini tukio hilo lina somo lake. Mmaasai kwa mila hali nyama ya porini isipokuwa njaa inapomzidi, na kwa vizazi vingi ng'ombe wake wamelisha pamoja na pundamilia. Mkuki ulielekezwa kwa faru pale ambapo mwenyeji alijiona amefanywa mgeni. Amani ilipotoweka kati ya mlinzi wa sheria na mwenye makazi, mnyama ndiye aliyelipa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kizuizi cha zamani kilikuwamo ndani ya chombo chenyewe: uzito wake, moshi wake, ukawiaji wake. Fundi wa Oberndorf alikitoa humo, na hakuna fundi atakayekirudisha. Sasa hakina budi kukaa mahali pengine, na mahali hapo ni pawili tu: katika sheria na katika watu. Sheria ipo. Lakini sheria haioni nyayo za mgeni kwenye vumbi la alfajiri, wala haisikii mlio mmoja wa bunduki upande wa Kakesio usiku. Anayeona na kusikia ni mchungaji. Kijana wa Endulen anayejua kila kisima na kila njia ya wanyama ni chombo cha ulinzi ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kukitengeneza.

Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na mjadala juu ya nani akae na nani aondoke ni mzito. Vyovyote mjadala huo utakavyokwenda, wapangaji wa hifadhi wangefanya kosa kumhesabu mwenyeji upande mmoja na jangili katika daftari la vitisho. Fedha zinazotumika kununua bunduki bora za walinzi zinahitajika, kwani mlinzi hawezi kumkabili jangili kwa fimbo. Lakini sehemu yake iende pia katika kuwafundisha na kuwaajiri vijana wa mahali hapo, na katika kurudisha imani kwamba faru akinusurika, mwenyeji naye atanufaika. Bunduki hudumu miaka hamsini na kubadili mikono mara nyingi bila kuuliza. Mtu aliyeaminiwa huuliza, hukataa, na hutoa taarifa. Hicho ndicho kizuizi pekee ambacho rola mbili za chuma haziwezi kukiondoa.