Sauti inayokwaruza nayo ni muziki

Kijana wa kambini akileta redioni wimbo aliorekodi kwa simu, mara nyingi anajibiwa: sauti inakwaruza, nenda studio. Kwa pesa gani? Nyumbani wanangojea unga wa msaada.

Na sababu yenyewe ni ya uongo. Mwaka 1963, huko Portland, Marekani, kundi la The Kingsmen lilirekodi "Louie Louie" haraka-haraka. Maneno hayasikiki vizuri, hata FBI ikachunguza kama ni matusi. Wimbo ukapendwa vilevile, na roki ya namna hiyo, ya vijana wa garaji, inapendwa hadi leo: msikilizaji anasikia watu wanapiga.

Tena Kongo haikungoja Wamarekani. Mwaka 1952 Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa Jadotville, Likasi ya leo: gita moja, sauti moja, Kiswahili cha Katanga. Konono No. 1 wa Kinshasa walitengeneza mikro kwa sumaku za magari mabovu, wakaziweka kwenye likembe. Ulaya ilinunua mkwaruzo huohuo wa bafle katika Congotronics, 2004.

Watangazaji wawape wakimbizi hata robo saa kwa juma. Wasikilizaji wataamua wenyewe.