Tuungane kwa Kazi Gani?

Anayepigania jambo peke yake au na kikundi chake kidogo, liwe la mazingira, la ardhi au la ushuru, hapitishi mwezi bila kuambiwa aungane na wengine. Ushauri huo huja na madai yaliyorudiwa mikutanini mpaka yakaonekana hayahitaji ushahidi. Hapa nayajibu yale yanayosikika zaidi. Msimamo wangu niutaje mapema: kabla ya kushirikiana na mtu, uliza kazi ni ipi, itaisha lini, na mambo yakiharibika nani ataumia. Mengine yote ni ya ziada.

"Adui wetu ni mmoja, basi tuwe kitu kimoja"

Hili ndilo dai lenye mvuto kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo. Twende Lamu, pwani ya Kenya. Machi 2012 Mwai Kibaki wa Kenya, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua mradi wa LAPSSET, wenye bandari, barabara, reli na bomba la mafuta. Baadaye ukaja mpango mwingine, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, upande wa bara. Mtu wa mbali aliona pande mbili tu: watu wa Lamu huku, serikali na makampuni kule.

Aliyekaa barazani aliona zaidi ya hizo. Mvuvi alikuwa ameshaona bandari ikichimbwa. Maji yalichafuka kwa mchanga, mikoko ikakatwa, na sehemu alizozoea kutega zikafungwa. Bandari isingefukiwa tena, kwa hiyo alichotaka ni fidia ya riziki iliyopotea. Mwenye shamba Kwasasi alitaka alipwe bei ya haki, na wapo ambao wangelipwa wangehama bila ugomvi. Mwenye nyumba ya wageni, na wanaolinda mji mkongwe ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, hawakutaka mtambo ujengwe kwa bei yoyote ile. Na wapo vijana waliosikia habari ya ajira wakasema mtambo uje hata kesho.

Watie wote hao katika chama kimoja chenye mwenyekiti mmoja, halafu kampuni ije na bahasha ya fidia. Anayedai malipo na anayesema hatutaki kabisa watagombana siku hiyohiyo, na kila mmoja atakuwa na haki yake. Tena mbele ya hakimu, madai ya "nilipwe" yakikaa pamoja na "usijenge" yanamsaidia wakili wa kampuni. Atauliza kwa upole: kumbe shida yenu ni bei?

Mambo yalikwenda kwa njia mbili. Kesi ya bandari, iliyofunguliwa mwaka 2012 na Mohamed Ali Baadi na wenzake, iliamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2018, na wavuvi wapatao 4,600 wakapewa haki ya kulipwa shilingi bilioni 1.76. Kesi ya makaa ya mawe ilipelekwa kwenye mahakama maalumu ya mazingira. Huko Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, pamoja na wakazi watano, walipinga leseni ya mtambo iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, Septemba 2016. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wanaharakati wa kampeni ya deCOALonize walibeba mabango, maandamano na waandishi wa habari, wanasheria wakabeba ushahidi, wenyeji wakabeba maelezo ya bahari yao. Walishirikiana bila kuwa kitu kimoja. Wapo waliokuwa na mguu katika kesi zote mbili, lakini dai la kesi moja halikuingizwa katika nyingine.

"FORD ilivunjika, ndiyo maana Moi alishinda"

Mkenya akitaka kumtisha anayesita kuungana, humtajia uchaguzi wa mwaka 1992. Hesabu yenyewe ni kweli: Daniel arap Moi alipata karibu asilimia 36 ya kura, na wapinzani watatu wakubwa, Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, kwa pamoja walimzidi mbali. Somo linalotolewa hapo ndilo silikubali.

FORD, vuguvugu la upinzani, ilipoanzishwa Agosti 1991 na wazee sita, miongoni mwao Jaramogi, Masinde Muliro na Martin Shikuku, ilikuwa na kazi moja inayoeleweka: kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU chama pekee, kiondolewe. Desemba mwaka huohuo kikaondolewa. Kazi iliyowaleta watu pamoja ilikwisha ndani ya miezi minne. Kilichofuata kilikuwa kazi nyingine kabisa, ya nani awe rais, na juu ya kazi hiyo hapakuwa na makubaliano yoyote tangu mwanzo. Jaramogi na Matiba walikuwa wakijibu swali ambalo FORD haikuwahi kuulizwa. Waliokosea ni waliodhani kwamba watu wakishirikiana vizuri katika kazi ya kwanza, ya pili imejiamulia yenyewe. Ushirikiano wa kwanza ulifaulu, na tunauonea tukiuita umeshindwa.

"Kwanza tukubaliane misimamo yote"

Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, miongoni mwao Monica Wangu, mamake Koigi wa Wamwere, walipiga kambi Uhuru Park, Nairobi, wakaanza mgomo wa kula. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Yeye alikuwa profesa na mpigania miti. Wengi wao walikuwa wazee wa mashambani. Nina shaka kama wangeandika ilani moja ya kurasa mbili. Walichokuwa nacho ni dai la maneno matatu: waachilieni wana wetu. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi ya mama wakavua nguo, laana ambayo askari wa Kiafrika anaijua maana yake. Wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliowadai walikuwa nje.

Kikao cha misimamo kina tabia ya kuwaacha mezani wale tu wenye muda wa vikao.

"Sisi tunajuana, mkataba wa nini?"

Jibu la dai hili liko Uingereza. Kuanzia mwaka 2003 mtu aliyejiita Mark Stone aliingia miongoni mwa wanaharakati wa mazingira. Alikuwa mcheshi, ana gari, ana pesa, yuko tayari kumpeleka mtu popote usiku wowote. Alilala majumbani mwao na akawa na uhusiano wa kimapenzi na wanawake kadhaa waliodhani wamepata mwenzi. Mwaka 2009, kwa habari zake, polisi waliwakamata watu 114 Nottingham kabla hawajaingia kwenye mtambo wa makaa ya mawe wa Ratcliffe-on-Soar. Mwaka 2010 marafiki zake waligundua kwamba jina lake ni Mark Kennedy, na kwamba alikuwa askari polisi. Miaka saba walimjua, tena sana.

Wengi husoma kisa hicho wakaanza kumshuku kila mgeni, na hapo ndipo kikundi hufa. Kushuku hakukuambii nani jasusi. Kunakuambia tu nani hana lafudhi ya kwenu. Cha kufanya ni rahisi na hakimtukani mtu: kila mmoja ajue kinachohusu kazi yake. Anayetafuta magari hahitaji orodha ya waliojeruhiwa. Anayechapa fulana hahitaji namba ya shahidi. Wawili waidhinishe pesa kutoka, si mmoja, hata huyo mmoja akiwa mzee wa kanisa au ustadhi wa madrasa. Aliyepewa kusema na waandishi aseme, mwingine akipigiwa simu ampe mwandishi namba ya huyo. Yote haya yanaenea katika ukurasa mmoja wa daftari, na kuyaandika mapema huokoa urafiki, kwa sababu siku pesa zikikosekana hutalazimika kuamua kama rafiki yako ni mwizi. Utafungua daftari.

Kuna jambo moja ambalo kikundi nilichowahi kukaa nacho hakikuliandika, na nimeliona likikosekana kwingine pia: ukurasa wa mitandao ya kijamii ni wa nani ushirikiano ukiisha? Watu hugawana viti vya plastiki bila maneno, halafu wanapelekana kwa wazee kwa sababu ya neno la siri la Facebook.

"Mfadhili anataka tuungane"

Basi mwacheni mfadhili aungane. Muungano uliozaliwa kwa ajili ya kujaza fomu hujulikana siku ruzuku inapokwisha. Sisemi msipokee pesa. Nauli na kesi hazilipwi kwa moyo. Ninasema ulizeni kama mngefanya kazi hiyo pamoja bila hata senti, kwa udogo wowote. Kama jibu ni hapana, andikeni maombi mawili.

"Anayekataa kushirikiana ni msaliti"

Neno msaliti limefanya kazi nyingi ya polisi bure. Mtu anaweza kukataa kushirikiana nawe kwa sababu nzuri kabisa: ana kesi mahakamani na wakili wake amemwonya, kikundi chake kina wafugaji ambao njia yenu ya kupinga itawafungia soko, au haamini kufunga barabara na nyinyi mmeamua kufunga barabara.

Mwaka 2008, kabla ya mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini St. Paul, Marekani, vikundi vilivyotofautiana vikali kuhusu njia za kupinga vilikubaliana juu ya kanuni nne. Moja ni kwamba vitendo vya aina tofauti vitenganishwe kwa saa au kwa mahali, ili mama aliyekuja na mtoto mgongoni asijikute katikati ya mawe na mabomu ya machozi. Hiyo ni akili, na inawafaa hata wasiokubali kuitana wenzao. Nyingine ni kwamba lawama zibaki ndani, zisipelekwe kwa vyombo vya habari. Hapo mimi nagoma kidogo. Mambo ya mbinu, sawa, yabaki ndani. Lakini mwenzenu akimdhulumu msichana wa kikundi au akila pesa za majeruhi, kanuni ya kunyamaza humlinda yeye, na kikundi kilichonyamaza kitalipa baadaye kwa jina lake.

Kwa hiyo kuna ngazi kadhaa kati ya kuungana na kugombana: kupashana habari tu, kutoingiliana siku za shughuli, kuazimana spika na mawakili, kutia saini tamko moja, kufungua kesi moja, na mwisho kabisa kuwa na mfuko mmoja. Vikundi vingi hurukia ngazi hiyo ya mwisho katika mkutano wa kwanza. Anzeni chini. Mwenzako ambaye hawezi kufika saa tatu aliyoahidi kwa shughuli ya kubandika mabango, utampaje nusu ya saini za benki?

"Hatuna kiongozi, basi hatuna haja ya kuamua"

Hili ni dai jipya zaidi, na lina heshima yake. Juni 2024 vijana wa Kenya walipinga Muswada wa Fedha wakisema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Ilikuwa na faida: hakukuwa na mtu wa kununuliwa usiku. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bunge, na watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatatia saini muswada ule. Madaktari wa kujitolea walitibu majeruhi, mawakili wakazunguka vituo vya polisi, michango ikakusanywa mitandaoni, yote bila makao makuu. Hakuna aliyemuuliza daktari anaunga mkono chama gani. Kila kundi lilijua kazi yake, na huo ni ushirikiano ulioamuliwa, ingawa haukuamuliwa na kamati.

Ugumu ulikuja Julai, serikali ilipoita mazungumzo. Kukataa kulikuwa rahisi, kila mtu alikataa kwa simu yake. Lakini ingefika siku ya kukubali kitu, au ya kusitisha maandamano ili watu wasiendelee kufa, hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema neno hilo kwa niaba ya mwingine. Kutokuwa na kiongozi kunajibu swali la nani hatatuuza. Hakujibu nani atatuambia turudi nyumbani.

Na sheria hainyamazi pia. Katiba ya Kenya, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka notisi ipelekwe polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, ikiwa na jina na anwani ya mwandaaji. Tanzania notisi ni saa 48. Mnaweza kuwa vikundi kumi visivyo na viongozi, lakini kwenye karatasi ile kuna mstari mmoja wa jina, na polisi wakitaka mtu wa kuhojiwa wataanza na huyo. Mara nyingi nimeona mstari huo ukijazwa na kijana mdogo kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kupeleka barua.

Kwa hiyo mkikutana kupanga maandamano na vikundi vingine, ulizeni kabla ya chai: jina la nani litaandikwa kwenye notisi, nani atamlipia wakili akikamatwa, na vikundi vingapi kati ya vilivyomo chumbani vitakubali kwa maandishi kwamba vilimtuma. Mkikosa jibu, ahirisheni tarehe.