Mto Hauishii Mjini

Bomba la maji safi linapozinduliwa, ngoma hulia na hotuba hutolewa. Mabwawa ya majitaka hayachezewi ngoma. Wapita njia huziba pua na kukaza mwendo. Dharau hii haifai.

Mto Rupingazi hushuka kutoka Mlima Kenya, ukapita kando ya mji wa Embu, ukaungana na Thiba na kuingia bwawa la Kamburu katika mto Tana. Kathita nao hupita Meru, ukaivuka Tharaka kuelekea Tana iyo hiyo. Choo cha mjini, basi, kina jirani asiyeonekana: mama wa Mbeere au Tharaka achotaye maji mtoni.

Mabwawa humlinda mama huyo polepole. Katika lile la kwanza, lenye kina kirefu, mashapo hutuama na bakteria wasiohitaji hewa huyaozesha. Harufu inayolalamikiwa huzaliwa hapo. Katika yanayofuata, mwani hutoa oksijeni, bakteria wengine hula uchafu uliosalia, na jua huua viini vya maradhi. Hapo ndipo mavi ya kale hayanuki, tena bila tamathali yoyote.

Lakini mtambo hausafishi usichokipokea. Nyumba isiyounganishwa, au lori limwagalo majitaka kijitoni usiku, huubatilisha. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya kiwango kifaacho cha usafi. Kaunti zote mbili na zilaze mabomba ya majitaka kwanza, ndipo ziidhinishe ghorofa nyingine.